Mifuko ya sukari ya kilo moja: nipime upande mmoja au pande mbili?

Mweka_Hazina_Arua
Habari zenu wakubwa. Natunza fedha za kikundi cha akina mama hapa Arua. Sukari tunanunua kwa jumla katika duka moja, ikiwa imeshafungwa kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) na kuandikwa kilo 1, halafu tunagawana. Wanachama wakaanza kulalamika kwamba kilo haifiki. Sikutaka tugombane kwa maneno, nikaazima mizani ya kidijitali kwa mwenzetu anayeoka keki, nikachomoa mifuko 16 huku na huku kwenye mzigo bila kuichagua kwa macho. Uzito wa kaveera nimeutoa. Wastani ni gramu 993, mkengeuko sanifu (kiasi mifuko inavyotofautiana na wastani) gramu 15. Mwepesi kuliko yote ulisoma 962, mzito kuliko yote 1,012.

Binti yangu anasoma takwimu chuoni. Kakokotoa t, yaani kipimo cha wastani wetu uko mbali kiasi gani na gramu 1,000 ukilinganisha na kutofautiana kwa mifuko, kapata −1.87. Anasema kwa hatari ya asilimia 5 ya kulaumu bure, ukipima pande mbili (kupungua na kuzidi) kikomo cha kuvuka ni 2.131, kwa hiyo hatuna kesi. Ukipima upande mmoja (kupungua tu) kikomo ni 1.753, kesi ipo. Sukari ile ile, majibu mawili! Naogopa tusije tukachagua hesabu inayotupendeza. Lakini kuzidishiwa hakujamuumiza mnunuzi yeyote, sasa kwa nini niuhesabu na upande huo? Jumamosi tuna kikao. Sitaki kumsingizia mtu wizi, wala sitaki kunyamaza wakati mama mwenye watoto sita analipia sukari asiyoipata.

Mwalimu_wa_Hesabu
Dada, swali lako ndilo linaloamua upande, na swali mlikuwa nalo kabla ya kugusa mizani: je, tunapunjwa? Basi nadharia sifuri, yaani dhana tunayoanza nayo mpaka namba ziikatae, ni kwamba wastani wa mifuko ni gramu 1,000 au zaidi, na mbadala wake ni kwamba uko chini ya hapo. Asilimia 5 yote ya hatari ya kumlaumu mtu bure unaiweka upande wa chini. Hiyo ni halali kabisa. Mwenye duka akitaka kujua kama mashine yake inapunja au inamwaga sukari yake bure, yeye ndiye apime pande zote mbili.

Hofu yako ina msingi mahali pamoja tu. Mtu akipima kwanza, akaona namba zimeelemea chini, ndipo akachagua upande wa chini, na zingeelemea juu angechagua juu, asilimia 5 yake kwa kweli ni 10. Ninyi malalamiko yalitangulia.

Kwenye kikao usiseme "kuna asilimia 96 kwamba anatuibia". Matokeo yako yanasema hivi: kama wastani ungekuwa kilo kamili, sampuli nyepesi kiasi hiki au zaidi ingetokea kama mara 4 katika 100. Basi.

Mzani_wa_Soko
Mama, mizani ya keki umeihakiki? Ikiwa yenyewe inapunguza gramu 7, kila mfuko umeonewa sawasawa na hakuna hesabu itakayoligundua hilo. Tafuta jiwe la kilo lenye muhuri wa UNBS (shirika la viwango la Uganda), liweke mara kadhaa, katikati na pembeni mwa sahani. Betri ikiwa imechoka, badilisha kwanza.

Mweka_Hazina_Arua
Asante mzee. Nimeazima jiwe kwa jirani muuza samaki, lina muhuri. Mizani inasoma 1,000 kila ninapoliweka.

Mkaguzi_Mstaafu
Vizuri. Sasa mjue kwamba wakaguzi nao hupima upande mmoja. Mwongozo wa bidhaa zilizofungwa wa OIML (shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria), uitwao R 87, umejengwa hivyo, ila ni mkali zaidi katika kumlinda muuzaji: badala ya asilimia 5 unatumia nusu ya asilimia 1. Kwa mifuko 16 kikomo hicho ni kama 2.95, na −1.87 yenu haikifikii. Kwa mzigo wa mifuko 100 hadi 500 huchukuliwa sampuli ya 50, si 16. Kwa wastani peke yake, mna sababu ya kupima zaidi, hamjawa na hukumu.

Mimi jicho langu liko kwenye ule wa 962. Kwa mfuko wa kilo, upungufu unaovumilika ni gramu 15, na mifuko michache tu ndiyo inayoruhusiwa kuuvuka. Uliopungua zaidi ya mara mbili ya hapo, yaani zaidi ya gramu 30, hauruhusiwi hata mmoja. Huo wenu umepungua gramu 38. Wastani mzuri unaweza kumficha mtu mmoja aliyeumia vibaya, ndiyo maana vipimo hivi viwili huenda pamoja. Mmeshaufungua?

Mweka_Hazina_Arua
Bado, umefungwa vilevile na nimeuandika namba. Jumamosi naupeleka dukani pamoja na jiwe, tuupime kwenye mizani yake mwenyewe mbele ya wanachama wawili. Mzigo ujao ni mifuko 120: tutapima 50 kabla ya kugawana, na upande tumeshauandika leo kwenye daftari la kikundi.