Nilipie tena tiketi za msimu za Huskers au niachie viti? Naomba ushauri

Zamu_ya_Usiku (Lincoln, Nebraska) – Februari 2023

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri, hasa kwa mlioko Nebraska na Iowa mnaoijua futiboli ya vyuo ya huku.

Nina tiketi mbili za msimu za Huskers, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Nebraska, pale Memorial Stadium, upande wa mashariki. Barua pepe ya kulipia tena imeshaingia, mwisho ni mwezi ujao. Nikijumlisha bei ya tiketi na ule mchango wa lazima wa kushikilia viti, inapita dola elfu moja, na hela hiyo inatakiwa sasa hivi kwa mechi ambazo nyumbani zitaanza Septemba.

Hali ya timu mnaijua. Tangu 2017 hatujamaliza msimu hata mmoja ushindi ukiwa mwingi kuliko vipigo (namba ya kwanza ni ushindi, ya pili vipigo): 4-8, 4-8, 5-7, 3-5 ule wa korona, 3-9, kisha 4-8 tena. Hii ni timu yenye mataji matano ya taifa, la mwisho 1997. Msimu wa 2021 ndio ulioniuma kuliko yote. Tulifungwa mechi tisa, na zote tisa kwa tofauti ya chini ya pointi kumi. Dhidi ya Iowa hapahapa nyumbani tulikuwa tunaongoza 21-6 robo ya tatu. Ikaisha 28-21, wao wameshinda.

Halafu Septemba iliyopita, Georgia Southern. Nilikuwepo. Huskers walikuwa hawajawahi kupoteza nyumbani wakiwa wamefikisha pointi 35, mechi 214 zote walishinda. Siku hiyo tulifikisha 42 na bado tukalala 45-42, wageni wakifunga zikiwa zimebaki sekunde 36. Safu ya mbele yetu hukaa mama mmoja mtu mzima ambaye huandika kila mchezo kwenye daftari dogo kwa penseli. Alifunga daftari, akalitia mkobani, akabaki ameketi anautazama uwanja mtupu huku watu wanampita magotini. Kesho yake kocha Scott Frost akafukuzwa. Wangesubiri mpaka Oktoba mosi fidia ya kuvunja mkataba ingeshuka kutoka dola milioni 15 hadi milioni 7.5, lakini hawakuweza kusubiri hata wiki hizo tatu.

Ila vipigo peke yake visingenileta hapa. Mechi hizi nilikuwa naenda na mzee mmoja wa kazini, Mmarekani, ndiye aliyenifundisha mchezo wenyewe nilipohamia huku. Amestaafu, amehamia Arizona kwa watoto wake. Kiti cha pili sasa hakina mtu. Mke wangu hapendi kabisa. Mwanangu ana miaka minane, anapenda, lakini mechi moja huchukua muda wa saa tatu na nusu na zaidi, na Novemba ya hapa mnaijua. Mimi ni nesi, nafanya zamu za usiku, na wikendi ndiko kwenye ovataimu.

Nikiachia viti, siku nikitaka kurudi nitaanzia mwisho wa foleni. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nifanyeje? Nawasilisha.

Mhasibu_Omaha

Mkuu, tuanze na hesabu. Mechi za nyumbani mwaka huu ni saba: Northern Illinois, Louisiana Tech, Michigan, Northwestern, Purdue, Maryland na Iowa. Hapo zenye soko la kweli ni mbili, Michigan na Iowa. Hizo tano nyingine, timu ikianza vibaya, utazipata mtandaoni kwa watu wanaouza tena, tena chini ya bei iliyochapwa. Nimeona tiketi za mwezi wa kumi na moja zikiuzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Unaamka, unatazama hali ya hewa, unaangalia kama una zamu, unanunua mbili, unaondoka na mtoto.

Pili, kuhusu mchango. Zamani asilimia 80 ya mchango wa namna hiyo ilikuwa inapunguzwa kwenye mapato yako wakati wa kodi. Sheria ya kodi ya Desemba 2017 iliifuta nafuu hiyo, kuanzia mwaka wa kodi 2018. Kwa hiyo kama kuna mtu anakwambia "toa tu, itakupunguzia kodi", huyo anazungumzia habari za zamani. Mchango wa kushikilia kiti ni gharama kamili.

Na ile rekodi ya Huskers ya kuuza tiketi zote za kila mechi ya nyumbani tangu Novemba 1962 isikutie presha. Mwaka 2021 tiketi zilibaki, wafadhili wakazinunua na watoto wa familia zisizo na uwezo wakapelekwa uwanjani. Jambo zuri sana, lakini ujue rekodi inalindwa na watu wenye uwezo wa kuilinda. Si wewe na zamu zako za usiku.

Kwa hesabu tupu: achia.

Jirani_wa_DesMoines

Salama mkubwa. Mimi ni Mkenya, naishi upande wa Iowa, na Novemba mlikuja kwetu mkatufunga 24-17, mara ya kwanza tangu 2014. Nilikuwa nimevaa nyeusi na dhahabu, rangi za Iowa, iliniuma, lakini niseme ukweli: kuacha sasa ni wakati mbaya.

Huyu kocha mpya, Matt Rhule, tazama alikotoka. Chuo cha Temple, mwaka wake wa kwanza 2013, alishinda mbili akapoteza kumi. Mwaka wa tatu akashinda kumi. Akaenda Baylor, akakuta chuo kimetikiswa na kashfa, 2017 akashinda mechi moja tu katika kumi na mbili. 2019 akashinda kumi na moja. Mara mbili, njia ileile: mwaka wa kwanza maumivu, wa pili nafuu, wa tatu mavuno. Nyinyi mmempa mkataba wa miaka minane. Ukiachia viti 2023, utakuwa umekaa kipindi chote cha mateso na kuondoka mlangoni. Kama ni kuondoka, ondoka baada ya mwaka wake wa tatu ukiona hakuna kitu.

Mhasibu_Omaha

Jirani, nakubali rekodi yake, ila mazingira yamebadilika. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na tangu Julai mwaka huohuo anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake. Kocha analea kijana miaka miwili, wa tatu kijana anachukuliwa na chuo chenye mfuko mnene. Huo mwendo wa kujenga taratibu wa Temple na Baylor ulikuwa wa zama nyingine.

Jirani_wa_DesMoines

Mlango huo unafunguka pande zote mbili. Na Nebraska si maskini. Ni jimbo lisilo na timu ya ligi kuu ya kulipwa ya mchezo wowote mkubwa, mapenzi yote na pesa zote zinaelekea chuo kimoja. Wakipata kocha anayejua anachokifanya, wachezaji watakuja.

Mwananchi_Damu

Mkuu Zamu, mimi niko Minneapolis, mchezo huo siujui kivile, ila maumivu nayajua. Simba walichukua ubingwa mara nne mfululizo kuanzia 2017/18 nasi Yanga tunatazama. Msimu wa 2021/22 tukaubeba bila kupoteza hata mechi moja. Aliyekuwa anakwenda uwanjani miaka ile minne alikuwa na furaha ambayo waliorejea baadaye hawakuwa nayo. Hilo nalijua kwa mwili wangu.

Lakini kuna tofauti na lazima niiseme. Kwa Mkapa unanunua tiketi ya mechi. Umekasirika leo, hununui, wiki ijayo hasira imeisha, unarudi kwenye foleni, na hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi. Hao wanakutaka ulipie mechi saba kabla hujaona hata moja, na wanakutisha kwamba ukikosa mwaka mmoja nafasi imekwenda. Kupenda timu na kuilipa miezi saba kabla ni mambo mawili. Usiruhusu mtu akuchanganyie. Ukiachia viti, bado ni Husker.

Mama_Watatu_LNK

Kaka yangu, pole na hongera kwa kazi. Mimi pia nipo hospitalini hapa Lincoln, na nashangaa hakuna aliyegusa suala la ratiba.

Zamu zetu zinapangwa wiki kadhaa kabla. Saa ya mechi inaamuliwa na televisheni, mara nyingi siku 12 kabla, na nyingine siku sita tu. Mechi ya saa tano asubuhi umetoka zamu saa moja, utaiona kwa macho gani? Mechi ya usiku, una zamu saa hiyohiyo. Kabla hujalipa, muulize msimamizi wako kama unaweza kuachiwa huru Jumamosi zile sita, na ile Ijumaa ya Iowa siku moja baada ya sikukuu ya Thanksgiving. Akikataa, mjadala umeisha, huna haja ya kumjadili kocha.

La pili ni kiti cha mzee. Naona kwenye maandishi yako huyo mzee ndiye mechi yenyewe. Mtoto wa miaka minane hawezi kuziba nafasi yake kwa mechi saba, lakini kwa tatu au nne anaweza, hasa za Septemba kabla ya baridi. Mnunulie Runza moja ya moto (ule mkate wa nyama na kabichi wa huku), mfundishe kusoma ubao wa matokeo, mkubalie kuondoka robo ya tatu akichoka. Mimi wangu wa kwanza nilimlazimisha kukaa hadi mwisho kwa sababu ya bei ya tiketi, na hilo ndilo baya la tiketi za msimu: unaanza kukaa kwa ajili ya hela.

Kwa hiyo tafuta mtu mgawane. Nusu kwa nusu. Viti vinabaki kwa jina lako, mzigo unapungua, na humlazimishi mtoto.

Nikuongeze na hili: sisi wapenzi wa voliboli hapa tunajua kuachia kiti maana yake nini. Ukumbi wa Devaney, timu ya voliboli ya chuo inapochezea, unajaa kila mechi, aliyeachia anasikilizia redioni. Futiboli haijafika huko leo, ila timu ikishinda misimu miwili itafika.

Zamu_ya_Usiku

Dada Mama Watatu, umenigusa pale kwenye "huyo mzee ndiye mechi yenyewe". Nimempigia jana. Amesema nisilipe kwa ajili yake, nilipe kama mimi mwenyewe nataka kuwepo mechi ya Novemba timu ikiwa 3-6 na upepo unatoka kaskazini. Nimejiuliza, jibu ni ndiyo, nataka. Kinachonishinda ni mechi saba na hela yote peke yangu.

Msimamizi amekubali kunipa nafasi nne, si saba.

Fundi_wa_Bellevue

Ndugu yangu, mimi ni Mkongomani, niko Bellevue hapahapa Nebraska, nina vijana wawili wanaonililia niwapeleke kila mwaka na bei ya tiketi moja moja ya Michigan siiwezi. Nichukue mechi tatu, nilipe sehemu yangu yote mwezi huu. Lakini tuandikiane. Si kwamba sikuamini, ni ili tusije kugombana Septemba.

Mhasibu_Omaha

Hapo nabadili ushauri wangu. Mkigawana, andikeni haya tu: nani analipa kiasi gani na lini, tiketi zinahamishwa kwa simu siku ngapi kabla ya mechi, mmoja akishindwa kwenda mwenzake anapewa nafasi kwanza kabla ya kuuza nje, na nani anachagua kwanza. Msigawe kwa idadi peke yake, maana Michigan na Louisiana Tech hazilingani. Mmoja achague, mwenzake achague, mpaka zimalizike. Mwaka ujao aliyechagua wa pili awe wa kwanza.

Zamu_ya_Usiku – MREJESHO, Desemba 2023

Wakuu, niliahidi mrejesho. Nililipa, na ndugu wa Bellevue alinitumia sehemu yake wiki ileile. Nilichagua kwanza, nikachukua Iowa. Yeye akachukua Michigan, vijana wake wakaona kipigo cha 45-7, na ameniambia bado wanaizungumzia kwa furaha, maana waliuona uwanja umejaa.

Timu imemaliza 5-7. Tulikuwa 5-3, tunahitaji ushindi mmoja tu katika mechi nne ili twende mechi ya baada ya msimu, tukapoteza zote nne. Maryland hapa nyumbani 13-10. Iowa hapa nyumbani 13-10, kwa shuti la yadi 38 sekunde ya mwisho. Mwanangu alikuwa Northern Illinois na Purdue, zote tulishinda. Iowa nilikwenda na mwenzangu wa wodini. Mama wa daftari alikuwepo, aliandika mpaka lile shuti.

Dada Mama Watatu, ile siku ya Agosti 30 timu ya voliboli ya chuo ilipocheza Memorial Stadium tulikwenda familia nzima, hata mke wangu, watu 92,003 uwanja uleule wa futiboli. Mke wangu anaulizia tiketi za voliboli sasa. Hizo ndizo nimeambiwa nijiandikishe nisubiri.

Barua ya 2024 itakuja muda si mrefu na nitalipa. Colorado wanakuja Lincoln Septemba. Ndugu wa Bellevue ndiye wa kuchagua kwanza safari hii, na ameshaniambia anaitaka hiyohiyo.