Binti yangu kaambiwa acheze tenisi ya wawili wawili. Je, kashushwa daraja?

MamaDagaa_Kirumba
Mwangaluka wadau. Biashara yangu ni dagaa pale Mwaloni, Mwanza, tenisi naijua kwa sababu ya binti yangu tu. Ana miaka 14. Sasa mwalimu wake anasema mashindano yanayokuja aungane na mwenzake wacheze dabo. Mtoto kalia mpaka kagoma kula, anasema dabo ni ya walioshindwa kucheza peke yao. Baba yake naye anamwunga mkono, eti hata kwenye runinga dabo wanaionyesha kukiwa hakuna kingine.

Nikasema tuiangalie basi. Tukakuta wanawake wanacheza, mashindano ya WTA, chama cha tenisi ya wanawake. Walitoka seti moja moja, halafu ya tatu ikaandikwa 10-7, nikaona wanapeana mikono. Robo saa haikufika! Ndiyo kusema hao hawastahili seti nzima? Na yule wa mbele anayeficha vidole mgongoni, ule ni uchawi au nini? Mwenye kujua anisaidie, msinicheke.

MuokotaMipira
Mama, hakuna wa kukucheka. Wazazi wengi hapa mjini hulipa hela ya mazoezi na kuondoka, wewe umekaa ukaangalia. Mimi nimekua nikiwaokotea wakubwa mipira uwanjani, siku hizi nafundisha watoto jioni, kwa hiyo nitasema ninavyoona.

Ile 10-7 si dharau. Mashindano ya kawaida ya WTA yanafupisha dabo. Jozi zikitoka seti moja moja, badala ya seti ya tatu wanacheza taibreka ndefu: anayetangulia kufika pointi 10, akiwa amezidi kwa mbili, kashinda. Na gemu ikifika 40-40 hakuna kuvutana, pointi moja inamaliza, na jozi inayopokea ndiyo inayochagua nani asimame kupokea. Waandaaji walitaka ratiba isivurugike, na wale wanaocheza peke yao wasiogope kujichosha kwenye dabo. Ukienda Wimbledon, yale mashindano makubwa ya Uingereza, kwa wakubwa utaikuta seti ya tatu ipo, na tangu 2022 wakifika 6-6 ndipo wanaingia taibreka ya pointi 10.

Wapo wanaosema huo ufupi ni bahati nasibu. Mimi naupenda. Mwonyeshe binti Angella Okutoyi, jirani yetu wa Kenya. Mwaka 2022 alishinda dabo ya wasichana Wimbledon akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, na fainali iliisha 3-6, 6-4, halafu taibreka ndefu 11-9. Iangalie hiyo 11-9. Wapinzani walikuwa na pointi tisa mkononi! Pale hakuna mkwaju wa maajabu unaokuokoa. Kinachokuokoa ni kwamba wewe na mwenzako bado mnaongea.

Ndiyo maana ya vile vidole. Wa mbele anamwambia mwenzake anayesevu, yaani anayeanzisha mpira: mpira upeleke upande ule, mimi navuka, au nabaki. Anaficha kwa sababu maadui wako usoni pake. Uchawi upo, ila ni wa kukubaliana.

Na hilo la "walioshindwa": Venus na Serena Williams waliingia fainali 14 za Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kuliko yote, wakiwa pamoja, wakashinda zote 14. Cara Black wa Zimbabwe, mwanamke asiye na urefu wa kutisha, alichukua dabo ya Wimbledon 2004, 2005 na 2007 na akawa namba moja duniani. Mwafrika huyo. Baba yake binti amtafute.

MwanaUkerewe
Nimefungua uzi nikidhani ni bei ya dagaa. Nimesoma hadi huku chini. Ila mama, ndoo shilingi ngapi wiki hii?

Nyegezi_Stendi
Mzee MuokotaMipira unaongea vizuri lakini mwambie mama na upande wa pili. Wimbledon 2024 bingwa wa wanawake wanaocheza peke yao alipewa pauni 2,700,000. Dabo ni 650,000 kwa jozi, gawanya kwa wawili, 325,000. Na pale waliingia jozi 64, unaingia kwa kujumlisha viwango vyenu wote wawili, kwa hiyo mwenzako akiwa chini anakuvuta. Mtoto akiacha kucheza peke yake sasa hivi, huko mbele atajuta.

MuokotaMipira
Hesabu yako sina ubishi nayo. Ila mwalimu hakusema aache, na mimi singesema. Miaka 14 dabo inamlazimisha kufika wavuni na kukata mpira hewani, kitu ambacho watoto wetu wanakikwepa wakiwa peke yao kwa sababu wamezoea kurudisha kutoka nyuma mpaka mwingine achoke. Halafu uwanja wenyewe: peke yako upana ni mita 8.23, dabo ni 10.97. Anajifunza pembe ambazo hakuwa anaziona.

La mwenzako kukuvuta, pointi za viwango vya dabo ni za mtu mmoja mmoja, jozi ikivunjika kila mtu anaondoka na zake. Kateřina Siniaková wa Ucheki alishinda dabo ya Roland Garros, kule Ufaransa, 2024 akiwa na Coco Gauff, na Wimbledon mwaka huo huo akiwa na Taylor Townsend.

MamaDagaa_Kirumba
Ahsanteni sana. @MwanaUkerewe njoo Mwaloni asubuhi, bei haisemwi mtandaoni. Mwalimu, swali la mwisho: mwenzake anatumia mkono wa kushoto. Baba yake anasema watagongana katikati.

MuokotaMipira
Huyo wa kushoto ni zawadi, msimwachie jozi nyingine. Wajaribu pande zote mbili mazoezini kabla ya kuamua nani akae wapi. Mpira wa katikati wakubaliane mapema ni wa nani, na huyo mwenyewe aseme "wangu" kwa sauti. Tena wafanye lobu nyingi, ile mipira ya juu ya kumvusha mpinzani kichwani, alasiri, upepo wa ziwa ukiwa umeanza, maana ukitokea usoni mpira unaouona unakwenda nje unarudi ndani. Na wapange leo leo: ikifika 40-40, nani anapokea?

MamaDagaa_Kirumba
Nimemuuliza. Kasema yeye.