Naomba ushauri: posa imekwama kwa sababu ya vyama

Wakuu, habari za jioni. Mimi niko Ujiji, mchumba wangu ni wa Mwanga, hapa hapa Kigoma. Sisi wawili tumeshakubaliana, shida ni wazee. Baba yangu ni kijani damu (CCM), baba yake zambarau (ACT-Wazalendo), na hawasalimiani tangu 2015, jimbo la Kigoma Mjini lilipochukuliwa na ACT-Wazalendo. Juzi mshenga kapeleka barua ya posa akiwa na kofia ya kijani kichwani (sijui aliwaza nini), ikarudishwa haijafunguliwa. Cha ajabu, mama zetu wanagawana samaki aina ya migebuka sokoni na kucheka vizuri tu. Nibadilishe mshenga, nimwombe shehe aingilie, au nipitie kwa akina mama? Binti kasema hasubiri uchaguzi mwingine.