Boksi lipi kwa Krismasi: bia nzito nyeusi, IPA au mchanganyiko?

Kibuyu_Kipya
Habari za jioni wakuu. Nimekuwa msomaji humu muda mrefu, leo naleta mada yangu ya kwanza. Nataka kuagiza boksi moja la bia 12 za viwanda vidogo ili likizo ya Krismasi tuonje na kulinganisha. Nimechuja hadi nimebaki na matatu.

Boksi la kwanza ni bia nzito nyeusi za Krismasi, nyingi za Ubelgiji, alkoholi asilimia 8 hadi 12. La pili ni IPA tupu, zile bia chungu zenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu). La tatu ni mchanganyiko: laga mbili, za ngano mbili, IPA, stauti (bia nyeusi ya kimea kilichokaangwa), na moja inayosemekana ni chachu kabisa. Bei zinakaribiana, kwa hiyo bei isiwe hoja. Mwisho wa kuagiza ni Ijumaa. Mngechukua lipi? Nawasilisha.

MzeeWaMashapo
La kwanza, wala usisumbuke. Krismasi inataka bia ya kukaa nayo. St. Bernardus Christmas Ale, asilimia 10, unaimimina taratibu, povu linasimama, na kila glasi inavyopata joto inakufungulia kitu kingine: zabibu kavu, sukari iliyoungua, ndizi iliyoiva sana. IPA utakunywa mwaka mzima. Hizi zina msimu wake.

Glasi_Tatu
Mleta mada, umetueleza maboksi, hukutueleza watu. Mko wangapi? Mtamaliza kwa jioni moja au mtazigawa siku kadhaa? Hao wenzako wamezoea kunywa nini? Chupa ni za mililita 330 au zile kubwa za 750? Mna nafasi kwenye friji? Bila majibu haya kila mtu hapa atakushauri anachopenda yeye, kama mzee wetu alivyoanza.

Hopsi_Mbichi
Mimi nasema la pili, na nina sababu. Watu wanadhani bia ya Krismasi lazima iwe nyeusi na ijae mdalasini. Celebration ya kiwanda cha Sierra Nevada cha Marekani imetengenezwa tangu 1981, inatoka mwisho wa mwaka tu, na ni IPA. Haina kiungo hata kimoja. Ni hopsi za mavuno mapya, asilimia 6.8, rangi ya shaba, harufu ya msonobari na ganda la chungwa. Hiyo ndiyo Krismasi yangu.

MzeeWaMashapo
Hopsi, hakuna aliyesema mdalasini. Bia nzuri ya Ubelgiji haihitaji kumwagiwa kabati la viungo. Wanaoweka mdalasini, karafuu na tangawizi kwa mkono mzito wanaficha bia dhaifu, hilo nakubaliana nawe.

DadaKimea
Hapo mmenigusa, kwa sababu mimi hupika bia nyumbani na viungo ninavitumia. Giligilani na ganda la chungwa vimo katika bia nyeupe za Ubelgiji tangu zamani na hakuna anayelalamika. Tatizo ni kipimo na wakati wa kuviweka. Ukivichemsha muda mrefu unapata uchungu wa dawa, ukiviweka mwishoni unapata harufu.

Pia si kila karafuu unayoisikia imewekwa. Onja bia ya ngano ya Kijerumani: inanukia karafuu na ndizi, na ndani hamna karafuu wala ndizi. Ni hamira inayozalisha harufu hizo wakati wa kuchachuka, na mpishi anaamua ipi itawale kwa kubadili joto. Nilipoelewa jambo hili niliacha kuihukumu bia kwa kusoma lebo.

Kibuyu_Kipya
Asanteni wote, na samahani kwa kuficha mambo bila kukusudia. Tuko watano. Mmoja ndiye atakayeendesha gari, hatakunywa. Kwa hiyo waonjaji ni wanne. Wawili wamezoea laga tu. Wa tatu ni baba mkwe, yeye maisha yake yote ni stauti. Wa nne ni mimi. Chupa zote ni za 330. Nilidhani tutamaliza jioni moja, ila sijapanga kwa kweli.

Glasi_Tatu
Sasa tunaweza kuzungumza. Piga hesabu nami. Chupa 12 za 330 ni karibu lita nne. Kwa waonjaji wanne kila mmoja anapata kama lita moja. Boksi la kwanza lina wastani wa asilimia 10, maana yake kila mtu atakuwa amekunywa sawa na chupa sita za bia ya kawaida ya asilimia 5. Kwa jioni moja! Ukifika chupa ya saba hakuna anayeonja tena, watu wanakunywa tu, na ulinganisho wako umekwisha.

Zigawe jioni tatu, chupa nne kila jioni. Kila chupa kwa watu wanne ni mililita 80 hivi kwa glasi, zinatosha kunusa na kuonja mara tatu au nne. Maji mezani muda wote. Na huyo anayeendesha mpe kazi ya kumimina na kuandika. Atawafaa kuliko mnavyofikiri, maana ndiye atakayekumbuka mlichosema.

Chupa_ya_Kahawia
Kabla hamjamsukuma ndugu yetu kwenye boksi la pili, nisikilizeni, kwa sababu jambo hili lilinitokea na bado linaniuma.

Krismasi ya mwaka juzi nilinunua boksi la IPA kwenye duka moja, chupa 12, punguzo kubwa. Nilifurahi sana. Niliwaita watu ambao kwa miezi nilikuwa nikiwashawishi kwamba kuna dunia nje ya laga. Mmoja alikuja shingo upande kabisa, alikuja kwa heshima yangu tu. Nikafungua ya kwanza, nikamimina, nikainua glasi puani. Hamna hopsi. Kulikuwa na harufu ya katoni iliyolowa mvua, na nyuma yake utamu mzito kama asali iliyokaa. Nikasema labda ni chupa hiyo tu. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa chupa ya kijani, na hiyo ilinuka kicheche, sisemi kwa kutia chumvi.

Yule rafiki hakulalamika. Aliweka glasi chini akasema, "Kumbe ndiyo hii." Basi. Hadi leo hajawahi kuonja tena, na nikimwalika anabadilisha mazungumzo.

Siku ya pili nikageuza chupa nikasoma tarehe. Zilikuwa zimejazwa miezi 11 nyuma. Nilipomwandikia muuzaji alinijibu kwamba tarehe ya mwisho wa matumizi haijafika. Ni kweli haikuwa imefika, lakini tarehe ya mwisho haikwambii kama hopsi bado zipo. IPA ni ya kunywewa ikiwa mbichi. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yake. Hewa kidogo iliyobaki ndani ya chupa inaila polepole, na joto la rafuni linaharakisha. Na zile chupa za kijani zilikuwa zimekaa chini ya taa za duka. Mwanga unavunja viambata vya hopsi na kuzaa harufu ileile ya kicheche. Kioo cha kahawia kinazuia sehemu kubwa ya mwanga huo, cha kijani kinazuia kidogo sana, cheupe ndiyo hakizuii kitu.

Kwa hiyo mleta mada, usipopata tarehe ya kujazwa, usinunue boksi la pili. Jina langu humu nililichagua wiki ile.

Hopsi_Mbichi
Pole sana ndugu. Sina cha kupinga hapo, nakubali kila neno. Ila kosa ni la uhifadhi, si la IPA. Ndiyo maana nasema makopo: mwanga hauingii kabisa. Kibuyu, IPA za boksi lako ni makopo au chupa?

MzeeWaMashapo
Makopo yanaua raha ya kuangalia mashapo chini ya chupa.

Hopsi_Mbichi
Mzee, bia unaimimina kwenye glasi. Kopo halionekani mezani.

Povu_Jeupe
Samahani kuingilia, lakini hivi hizi zote mnaziita bia za kiwanda kidogo kwa kipimo gani? Sierra Nevada si kiwanda kidogo.

Glasi_Tatu
Kwa wazalishaji wa Marekani wenyewe, chama chao cha Brewers Association kinahesabu kiwanda kuwa kidogo kikizalisha mapipa milioni 6 au pungufu kwa mwaka, na kampuni kubwa ya pombe isiyo ya jamii hiyo isimiliki robo au zaidi. Kwa hiyo Sierra Nevada imo. Goose Island, kiwanda kingine cha huko, haimo tangu 2011 iliponunuliwa na kampuni kubwa.

Povu_Jeupe
Mapipa milioni sita ni madogo? Basi neno "dogo" limepoteza maana. Kwangu mimi kinachohesabika ni nani anaamua mapishi: mpishi au mhasibu.

DadaKimea
Povu, hoja yako naipenda, ila ulimi hauonji hati za umiliki. Nimeonja bia mbovu kutoka kwa watu wawili wenye mapipa manne na moyo safi. Nimeonja bia safi kabisa kutoka kiwanda kikubwa. Laga isiyo na kasoro ni ngumu kuliko zote, haina mahali pa kuficha kosa.

Povu_Jeupe
Sikatai. Lakini fedha zangu zinaenda kwa nani, hilo nalo lina uzito. Tukubaliane kutokubaliana.

DadaKimea
Sawa. Turudi kwa mleta mada, Ijumaa inakuja. Kibuyu, hata ukichagua boksi lipi, mpangilio wa kufungua ni muhimu kuliko boksi lenyewe. Anza na nyepesi, malizia na nzito. Ukianza na stauti ya asilimia 11, laga inayofuata itaonekana maji. Ile chachu usiiweke katikati, iweke peke yake mwanzoni mwa jioni nyingine, asidi yake inavuruga ulimi.

Joto nalo: laga na ya ngano nyuzi 4 hadi 7, lakini zile nzito zitoe kwenye friji mapema, zinataka 10 hadi 13. Baridi kali inafunga harufu zote, unabaki na alkoholi na utamu.

Na andikeni alama kabla ya kuongea. Waamuzi wa mashindano wanaofuata BJCP, mpango wa Marekani wa kuwathibitisha waamuzi wa bia, hutumia alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, mwili wa bia mdomoni 5, na mvuto wa jumla 10. Angalieni jinsi mwonekano ulivyopewa alama chache. Mkiongea kwanza, wote watafuata maneno ya baba mkwe kwa heshima, na hutajua yule wa laga alionja nini.

Kibuyu_Kipya
Dada hapo umenisoma. Baba mkwe akisema "hii si bia", kimya kitatawala.

Nimeuliza, IPA ni chupa na muuzaji hana tarehe ya kujazwa. Hilo la pili nimelitoa. Sasa ninavutwa na mchanganyiko kwa ajili ya wale wawili wa laga, lakini roho inanirudisha kwenye nyeusi za Ubelgiji. Kuna anayejua kama muuzaji anaweza kukubali nusu kwa nusu?

MzeeWaMashapo
Muulize, ukikataliwa chukua la kwanza. Wale wa laga usiwadharau. Mpe mmoja wao Samichlaus umwambie baadaye kwamba ni laga. Asilimia 14, inapikwa siku moja tu kwa mwaka, tarehe 6 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, kisha inalazwa miezi kadhaa. Laga haimaanishi nyepesi, inamaanisha hamira iliyofanya kazi kwenye baridi.

Glasi_Tatu
Mzee, kumpa asilimia 14 mtu anayeonja kwa mara ya kwanza ni kumfukuza. Wale wawili waanze na Saison Dupont, bia ya mashambani ya Ubelgiji, asilimia 6.5, kavu, ina gesi nyingi, inasafisha mdomo. Ni daraja zuri kutoka kwenye laga. Baba mkwe mpe stauti yake mwishoni, atasubiri akijua inakuja.

MzeeWaMashapo
Saison ni bia ya kiangazi.

Glasi_Tatu
Ni bia ya glasi yoyote itakayoipokea, mzee wangu.

Hopsi_Mbichi
Kibuyu, kama nusu kwa nusu itakubaliwa, omba Orval mbili. Ni ya watawa, asilimia 6.2, ina hopsi kwa ajili yangu na mashapo kwa ajili ya mzee. Inawekewa hamira ya porini chupani, kwa hiyo changa inanukia hopsi, na ikikaa miezi inakuwa kavu na kunukia ngozi. Fungua moja Krismasi hii, nyingine itunze hadi ijayo. Huo ndio ulinganisho wa kweli, bia moja na nafsi yake.

MzeeWaMashapo
Hapa kwa mara ya kwanza nakubaliana na Hopsi. Itunze ikiwa imesimama, gizani, mahali penye ubaridi usiopanda na kushuka.

Chupa_ya_Kahawia
Kibuyu, uliza tarehe za hizo Orval pia. Zinaandikwa kwenye lebo.

Kibuyu_Kipya
Muuzaji amejibu: nusu kwa nusu inawezekana, ila Orval amebakiwa na moja tu, na ni ya mwaka jana. Nichukue hiyo moja au niiache?