Karakana inayounga chesisi ya gari la utalii ilazimishwe kutoa dhamana ya maandishi?

Mtoa mada

Wakuu, poleni na masika. Naleta hoja hii sasa kwa kuwa Aprili na Mei ndiyo miezi ya gereji. Magari yetu mengi ya utalii yamepandishwa juu ya magogo hapa Arusha yakisubiri Juni, na wenye magari wana muda wa kusoma.

Swali ni hili. Karakana inayokata Land Cruiser, ikairefusha na kuijengea paa la kuinua, je, sheria iilazimishe kumpa mteja dhamana ya maandishi ya kazi hiyo? Au tuendelee na utaratibu tuliouzoea wa "ikisumbua ilete tuiangalie"?

Kwa asiyejua: lile gari la Serengeti lenye viti saba vya wageni halikutoka kiwandani hivyo. Toyota hutengeneza pickup. Fundi wetu anaikata chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, anaongeza kipande katikati, anarefusha propela shafti (ule mtaimbo unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma), mabomba ya breki na waya wa handbreki, kisha anajenga bodi upya kwa skwea paipu na bati. Injini ikisumbua, tunajua ni ya kiwanda gani na vipuri vinauzwa wapi. Mshono wa katikati ukiachia, hauna mwenyewe.

Langu lilikwenda hivi. Mwaka juzi nilipeleka pickup kwenye karakana moja mjini. Nililipa kwa awamu tatu, nikapewa risiti yenye maneno mawili: "kutengeneza bodi". Msimu wa kwanza gari halikunisumbua hata kidogo. Msimu wa pili, Agosti, dereva akanipigia simu kutoka Seronera, katikati ya Serengeti: mlango wa nyuma kushoto umeanza kugoma, anaufunga kwa kuunyanyua. Nikamwambia alegeze bawaba. Hapo nilikosea, na ndiyo sababu naandika. Gari lililorefushwa, mlango ukianza kugoma bila kugongwa popote, usiguse bawaba. Lala chini ya gari.

Alipolala ndipo akauona ufa. Umeanzia ukingo wa chini wa chesisi, pembeni kabisa mwa mshono, unapanda. Alinitumia picha ameweka kidole, kucha nzima imezama. Mshono wenyewe ulikatwa wima, moja kwa moja, kama mtu anavyokata mkate. Ndani hakuna bamba la chuma la kuushikilia. Juu yake puti, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi, na juu ya puti rangi nyeusi nzuri inayong'aa. Wageni watano nikawahamishia gari la kukodi, kwa bei ya Agosti.

Niliporudi karakana sikutukanwa, nilipokewa vizuri tu. Nikaambiwa, "Mzee, hiyo ni barabara." Wakauchomelea tena, nikalipa nusu. Sina karatasi ya kwanza wala ya pili.

Msimamo wangu: walazimishwe. Karibuni.

Dereva wa Kaskazini

Mzee, shikamoo. Mimi nina miaka kumi na minne kwenye usukani. Sisi madereva ndio tunaolala chini ya haya magari usiku wakati wageni wanakula. Ukishaacha lami ya Karatu ukaingia njia ya Ngorongoro kwenda Naabi, lango la Serengeti, yale mawimbi ya barabara hayana huruma na mshono wowote, mzuri au mbaya. Ila mzuri nauona umetulia mwaka wa saba. Kwa hiyo hilo la "ni barabara" mimi silikubali. Barabara ni ile ile kwa wote.

Fundi Chesisi

Mtoa mada, pole kwa hasara. Nachomelea chesisi tangu nikiwa kijana na nitasema wazi: mshono wa wima bila bamba ni kazi mbaya. Chesisi hukatwa mshazari, ili mshono usikae wote mahali pamoja. Ndani yake linakwenda bamba, na ncha za bamba hupunguzwa zikawa nyembamba. Ukiziacha mraba, ufa utaanzia pale pale bamba linapoishia. Na hutoboi tundu kwenye ukingo wa juu wala wa chini. Aliyekufanyia vile hakufundishwa, au alifundishwa akaharakishwa.

Hilo la kuharakishwa ndilo nataka mlisikie. Mteja anakuja Mei tarehe ishirini, ana wageni Juni tarehe tano. Ananiletea chesisi iliyotoka nchi ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi. Nje imepakwa rangi, ndani ya boksi kutu imeila. Namwambia hii tuikate sehemu hii tuweke mpya. Ananiuliza bei, anakunja uso, anakwenda kwa jirani. Jirani anamwekea puti. Mwaka unaofuata ananijia mimi na ufa.

Halafu uzito. Nihesabu mbele yenu. Wageni saba na dereva, kila mtu kilo 80, hiyo ni 640. Mizigo kilo 15 kwa kila mgeni, 105. Tairi mbili za akiba, 70. Tenki la pili la lita 90 za dizeli, kama 75. Friji, betri ya pili, maji ya kunywa, weka 60. Tumefika kilo 950, karibu tani, na bado sijagusa bodi, viti na paa lenyewe. Baadaye mwenye gari anaongeza keria ya juu kwa fundi mwingine na kufunga springi za bei nafuu. Chesisi ikikatika, dhamana ni yangu?

Nipeni dhamana yenye masharti. Uzito uandikwe kwenye kibao mlangoni. Gari lirudi kwangu baada ya kilomita elfu moja nikaze U-bolti zinazoshika springi na nikague mshono. Asiguse mwingine chesisi bila kuniambia. Hapo nasaini leo. Bila masharti, sheria hiyo itanifunga mimi mwenye jina na kumwacha anayefanyia kazi chini ya mwembe.

Msomaji wa Indiana

Nawasalimu nikiwa Marekani, jimbo ambalo lina mji wa Elkhart, unakotengenezwa sehemu kubwa ya magari ya kulala, yale yenye kitanda, jiko na choo ndani. Mwaka 2021, watu walipokuwa wanakimbia hoteli kwa sababu ya korona, nchi nzima yalitoka viwandani magari na trela za namna hiyo kama laki sita. Nasema haya ili mtoa mada asidhani karatasi peke yake inaponya.

Kwanza, sheria ya dhamana ya taifa hapa, ya mwaka 1975, haimlazimishi mtengenezaji kutoa dhamana. Inasema ukiitoa kwa maandishi, iandike ieleweke, na uitimize. Pili, tatizo lenu la wazazi wawili lipo hapa hapa. Gari la kulala lenye injini, chesisi ni ya kampuni ya malori, nyumba iliyokaa juu yake ni ya kiwanda kingine, friji ya mwingine. Kila mmoja na dhamana yake. Majimbo mengi yana sheria za kumlinda aliyeuziwa gari bovu, lakini nyingi haziigusi ile sehemu ya kuishi.

Mimi nilinunua trela mpya. Mvua ya kwanza, maji yakaingia kwenye kona ya juu ya kitanda cha mtoto. Nilipobonyeza ukuta kwa kidole gumba ulibonyea kama ndizi mbivu. Dhamana nilikuwa nayo, mwaka mzima. Aliyeniuzia aliipokea Mei, akairudisha Septemba. Hakuna aliyekataa kutengeneza, walikuwa na foleni tu. Kiangazi cha watoto kilikwisha trela ikiwa uwanjani kwake. Kwa hiyo kama mnaandika dhamana, andikeni na siku: kazi ianze ndani ya siku ngapi, na zikipita, mteja analipwa nini.

Dada mwenye gari moja

Mimi napinga kulazimisha, na nina sababu. Gari langu ni la mkopo. Nililitengenezea kwa fundi mdogo kwa kuwa zile karakana kubwa bei yao siiwezi. Mkileta sheria yenye leseni, ada na mkaguzi, fundi wangu anafunga, zinabaki tatu nne kubwa, na bei zinapanda siku hiyo hiyo. Mtakuwa mmewalinda wenye magari ishirini. Mwenye moja mmemtoa sokoni.

Nilichofanya ni hiki. Nilizuia asilimia kumi ya malipo mpaka mwisho wa msimu wa kwanza. Tuliandika kwenye daftari lake, tukasaini wote wawili na mdogo wake akawa shahidi. Fundi alikuwa anakuja mwenyewe kila gari likirudi kutoka porini, analala chini na tochi, sijampigia simu. Oktoba nikammalizia pesa yake.

Mtoa mada

Dada, hilo la asilimia kumi sikuliwaza, nakushukuru. Lakini wewe una moyo wa kumwambia fundi "nakuzuilia pesa yako". Wengi wetu tukishaona gari limepakwa rangi tunatoa zote na soda juu. Na mgeni anayekaa kiti cha nyuma hakuwepo mliposaini daftari. Yeye analindwa na nani?

Mdau wa Nairobi

Huku kwetu tuna kiwango cha bodi za magari ya abiria, KS 372. Ni kitu kizuri kuwa nacho. Lakini mkaguzi akija, gari limekwisha kupakwa rangi na kuwekwa viti. Ataona nini? Ataona mikanda na taa. Mshono uko chini ya rangi. Kama mtaweka ukaguzi, uwe kabla ya rangi, la sivyo mnakagua rangi.

Wakili wa Moshono

Nichangie kwa upande wa sheria tuliyonayo hapa Tanzania, kwa sababu naona mnazungumza kana kwamba hakuna kitu.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inaweka sharti lisiloandikwa: mnunuzi akimweleza muuzaji anachokitaka kitu kwa ajili ya nini, na akategemea ujuzi wake, kitu hicho kiifae kazi hiyo. Ukinunua gari lililokwisha kurefushwa, unasimama hapo. Lakini mtoa mada hakununua gari. Gari lilikuwa lake, alinunua kazi. Huo ni mkataba wa kazi, na mabishano yanakuwa fundi aliahidi nini. Makubaliano ya mdomo yanatambuliwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na una miaka sita ya kudai. Anachokosa ni ushahidi. "Kutengeneza bodi" haisemi mkato wa mshazari, haisemi bamba, haisemi wageni saba. Mahakamani fundi atasema aliombwa alichofanya, na hakimu hana pa kumshikia.

Kwa hiyo mimi sidhani tunahitaji sheria kubwa. Tunahitaji kanuni fupi inayosema kazi ya kukata chesisi isipokelewe bila hati yenye maelezo ya kazi. Hati ikiwepo, sheria zilizopo zinatosha kumfikisha mtu panapostahili.

Dereva wa Kaskazini

Wakili, hati hiyo ikae ndani ya gari. Mimi huwa nabadilishiwa gari asubuhi, sijui limekatwa na nani wala lini. Nikijua, najua pa kumulika tochi.

Mtoa mada

Nimesoma yote, baadhi mara mbili. Fundi, hesabu yako ya kilo 950 nilikwenda nayo uani nikaanza kutazama gari langu. Keria ya juu niliiongeza mwenyewe baada ya msimu wa kwanza. Sikumwambia aliyeunga chesisi. Ni lazima niliseme hilo hapa, maana kwenye hoja yangu ya kwanza sikulisema. Halifuti mshono wa wima wala puti, lakini limo.

Napunguza dai langu. Paa likivuja vumbi, kiti kikilegea, chaja ya simu ikifa, hayo tuachiane wenyewe, kwa daftari la dada. Chesisi, breki na propela sikubali zibaki kwenye daftari. Hapo nataka kulazimishwa, kwa ile kanuni fupi ya wakili, na masharti ya fundi yaingie: kibao cha uzito, kurudi kwenye kilomita elfu moja, mkono mwingine usiguse. Na ya Indiana pia: siku za kusubiri ziandikwe. Dada, kuhusu gharama, hati ni karatasi moja na picha za simu. Sioni kwa nini fundi mdogo ashindwe.

Wakili, unaweza kutuandikia ukurasa mmoja wa mfano? Wa Kiswahili cha gereji, si cha mahakama.

Dada mwenye gari moja

Kama ni karatasi na picha tu, bila ada, na fundi wangu anaruhusiwa kuiandika kwa mkono, naondoa pingamizi kwa hayo matatu. Ikianza kuja na muhuri wa kulipia, narudi.

Fundi Chesisi

Wakili, kabla hujaandika, njoo uone kitu chenyewe. Nina chesisi moja mezani, nimeikata juzi, bamba limeingia, upande wa kulia nimemaliza na wa kushoto bado. Nitaiacha bila rangi mpaka Jumamosi. Njoo na dereva, yeye ndiye atakayekuonyesha mahali pa kupiga picha.