Alama ya biashara ya uzi wa kushonea na wa kufumia: isajiliwe katika kundi gani?

Msokotaji:
Ndugu wanajukwaa, ninajiandaa kuuza kwa jina langu nyuzi za aina mbili: uzi wa poliesta wa cherehani, katika koni, na uzi wa sufu wa kufuma kwa mkono. Jina ninalolipendelea ni "Uzi Imara 120", namba hiyo ikiwa ile ya unene ambayo mafundi wameizoea, na juu yake nimekusudia kuweka picha ya nanga. Je, nyuzi hizi zinahitaji maombi mawili? Na usajili huo utanikinga dhidi ya mtu atakayetumia jina hilohilo kwenye vitambaa au nguo?

Karani wa Alama:
Ombi moja linatosha. Katika uainishaji wa kimataifa uliotokana na Mkataba wa Nice wa 1957, wenye makundi 45, nyuzi zote za matumizi ya nguo zimo katika kundi la 23: za kushonea, za kufumia, za kutarizi, hata za mpira au za metali, mradi ziwe za kazi hiyo. Kinachoamua ni matumizi zaidi ya umbo, na ndiyo maana uzi wa kushonea majeraha umo katika kundi la 10, wa kusafishia meno katika la 21, na wa kuvulia samaki katika la 28. Pamba na sufu ambazo hazijasokotwa ziko katika kundi la 22, vitambaa katika la 24, nguo katika la 25, na sindano na vifungo katika la 26.

Hata hivyo, makundi haya ni mpangilio wa kiofisi tu. Bidhaa hazihesabiwi kuwa tofauti kwa sababu tu zimo katika makundi tofauti. Huulizwa kama mnunuzi anaweza kudhani zimetoka kwa mfanyabiashara mmoja. Uzi na sindano, ambavyo mara nyingi huuzwa pamoja, vina ukaribu wa namna hiyo kuliko uzi na suti iliyokwisha kushonwa.

Fundi Mstaafu:
Mimi nina shaka na jina lenyewe. "Uzi" ni bidhaa, "imara" ni sifa ambayo kila muuzaji anaidai, na 120 ni kipimo: kwa nyuzi za sintetiki ni karibu teksi 25, yaani mita 1,000 zenye uzito wa gramu 25 hivi. Hakuna ofisi itakayokupa peke yako kipimo ambacho washindani wako wanalazimika kukiandika.

Nanga ndiyo inayonitisha zaidi, kwa kuwa Anchor (yaani nanga kwa Kiingereza) ni alama ya nyuzi za kutarizi inayojulikana katika nchi nyingi, na picha inaweza kugongana na neno lenye maana ileile. Biashara hii imependa picha tangu zamani, kwani hata asiyejua kusoma huitambua lebo. DMC, kampuni ya nyuzi ya Ufaransa iliyoanzishwa 1746, ina kichwa cha farasi. Tafuta katika daftari la usajili kabla ya kuchapa lebo hata moja.

Msokotaji:
Nashukuru sana, wakuu. Nanga nimeiacha, na sasa nafikiria jina "Mnana", kwa kuwa ndege huyo husuka kiota chake. Swali la mwisho: uzi wangu mwingine una nyuzi zinazovutika, je, naweza kuandika Lycra kwenye lebo?

Karani wa Alama:
Mnana linadokeza bila kueleza bidhaa, kwa hiyo lina nafasi nzuri zaidi. Lycra ni alama ya biashara ya mtu mwingine. Bila idhini yake andika elastani, ambalo ni jina la malighafi. Nailoni ni habari nyingine, kwani DuPont, kampuni ya Marekani iliyoitangaza mwaka 1938, iliamua kutoisajili kuwa alama, na leo kila mtu anaandika hivyo.

Ukipata usajili, ulitumie jina. Chini ya Mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki miliki, usajili hudumu si chini ya miaka 7 na huweza kuhuishwa bila kikomo, lakini nchi inayotaka alama itumike inaweza kuufuta baada ya angalau miaka 3 mfululizo ya kutotumika. Tena hulinda ndani ya nchi uliyosajili tu. Ukitaka nchi nyingine, Mkataba wa Paris, unaolinda alama za biashara kimataifa, unakupa miezi 6 ya kuomba huko, na ombi hilo huhesabiwa kana kwamba liliwasilishwa tarehe ya ombi lako la kwanza.