Naombeni ushauri: tungamotaka ya nchi inapimwaje bila kuhesabu chakula cha ng'ombe?

Wakuu, habari za jioni. Nafanya tasnifu ya uzamili: Tanzania ina tungamotaka (yaani masalia ya mazao, kuni na mabaki mengine ya mimea) kiasi gani ya kuzalisha nishati bila kuumiza ardhi na misitu? Nilichukua mavuno ya mazao, nikazidisha kwa uwiano wa masalia (kila tani ya mpunga, kama kilo 200 za pumba). Jumla ikatoka kubwa mno. Msimamizi kanirudishia na neno moja pembeni: "Ng'ombe?" Nipunguze nini?

MwanaMbarali: Msimamizi yuko sahihi. Huku kwetu mpunga ukishavunwa tu, mifugo inaingizwa shambani, nyasi zinaisha. Pumba nazo zina wenyewe: wachoma tofali wanazisomba kwa magunia nyuma ya mashine za kukoboa. Halafu angalia, mdogo wangu, usichanganye pumba ngumu za nje na zile laini. Laini ni chakula cha mifugo, zitoe kabisa.

Bwana Miti: Upande wa kuni na mkaa, usianze na miti iliyosimama. Anza na kinachoota kwa mwaka. NAFORMA, ile tathmini ya misitu iliyotoka 2015, ilionyesha tunaweza kuvuna mita za ujazo milioni 42.8 kwa mwaka, mahitaji yakiwa milioni 62.3. Pengo milioni 19.5! Ningekuwa wewe, misitu ya asili ningeiandikia sifuri. Hesabu maranda na mabanzi ya viwanda vya mbao Mafinga.

Mkongeni: Tazama pia masalia yalipo. Mabua yametawanyika kwa wakulima wadogo, kuyasomba kunakula faida yote. Mkonge ni tofauti: nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya jani, mengine yanabaki pale pale kwenye korona, yaani mtambo wa kutenganisha nyuzi. Ndiyo maana mtambo wa bayogesi, gesi ya kuozesha mabaki hayo, ulijengwa Hale, Tanga. Makapi ya miwa nayo yako kiwandani, ila viwanda vinayachoma kwenye boila zao, kwa hiyo chukua ziada tu.

Mtoa mada: Asanteni sana. Na mabua ya kurutubisha udongo, niache asilimia ngapi?

MwanaMbarali: Usiweke namba moja kwa nchi nzima. Shamba la mteremko linahitaji mengi zaidi kuliko la bondeni. Toa makisio ya chini na ya juu, kwa kila wilaya.

Mtoa mada: Sawa kaka. Jumamosi nakuja huko na mizani, nianze na mashine tatu za kukoboa.